Makhulu Hahesabu Wafu

MaGatyeni alikuwa na tabia ya kuzisalimia taa. Hakuwa na wazimu. Kaa wewe miaka kumi na tisa katika chumba kimoja na taa elfu mbili mia sita, kila moja na namba yake na mtu wake, uone kama hutazisalimia. Asubuhi alivua koti, akawasha birika, kisha akapita mbele ya safu za rafu akisema, "Hamjambo wanangu," huku macho yakitafuta ile ambayo haikupata chaji. Daima ilikuwepo moja.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nozibele, lakini pale mgodini halikutumika. Wenye adabu walimwita kwa ukoo wa baba yake, MaGatyeni. Waliopasua kioo cha taa na kutaka nyingine bila kuandikiwa barua walimwita mama mzuri, mama asiyezeeka. "Nenda ukamwambie hivyo mkeo," angewajibu, "atakupa taa yeye." Lakini aliwapa. Alikuwa mkali wa mdomo tu.

Taa hizo hazikuwa taa za kumulika peke yake. Ndani ya kila moja mlikuwa na kidude kidogo kama punje ya hindi, na kidude hicho kilizungumza na Makhulu. Makhulu, yaani bibi, ndilo jina ambalo wachimbaji waliupa mtambo wa kompyuta uliotandazwa mgodi mzima, juu na chini, ukutani na darini. Makhulu alijua nani yuko wapi na anahitaji nini. Mtu akisogelea treni ya mawe, Makhulu aliipunguzia mwendo. Watu wakijaa mahali, aliongeza feni. Wakiondoka, alizima feni na taa za ukutani ili umeme usipotee bure. Mgonjwa wa presha akipita getini, Makhulu alimkumbusha dawa zake. Na kila siku saa nane na nusu mchana, saa ya kulipua baruti, ni Makhulu aliyetoa ruhusa. Akiona taa moja tu bado iko chini na mwenyewe, baruti haikuwaka, hata meneja apige magoti.

Ila hapo kwenye "mwenyewe" ndipo balaa lilipojificha. Zamani Makhulu alihesabu taa zote. Sasa wachimbaji wana lao: taa ya marehemu haivaliwi na mtu mwingine mpaka mwaka uishe na kwao wamalize matanga. Kwa hiyo taa hizo zilikaa safu ya chini zikichajiwa, na mara mojamoja moja ilitupwa kwenye toroli kwa bahati mbaya, ikashuka nalo. Mgodi mzima ukasimama nusu siku ukimsubiri mtu aliyekwisha kuzikwa. Wakubwa wakachoka. Mafundi wakaja na kompyuta zao za mapajani, wakamfundisha Makhulu somo jipya: jalada la mtu likifungwa ofisini, taa yake isihesabiwe tena. Wachimbaji wakaligeuza mzaha. Mtu akisinzia zamuni aliambiwa, "Amka wewe, Makhulu hahesabu wafu." MaGatyeni naye alicheka. Mimi sioni cha kuchekesha, lakini wakati ule nani alijua.

Mwezi wa tano jiwe la darini likamwangukia Mzwamadoda Ngcwangule, ngazi ya tisa, upande wa magharibi. Kijana mpole, mwenye taa namba 417. Mwili ukapelekwa kwao Lusikisiki, ukazikwa. Jalada likafungwa.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Jumatatu, mama yake akatokea dirishani kwa MaGatyeni. Aliitwa Nowinile. Alijifunga blanketi kiunoni kama wajane wa kwao, na nyuma yake alisimama mwanawe wa pili, Thandisizwe, amekumbatia tawi la mkunazi lenye miba, majani yake bado mabichi. Hakuna Mpondo, mtu wa kule Lusikisiki, asiyejua tawi hilo linakuja kufanya nini. Mtu akifia ugenini, mwili waweza kuletwa nyumbani na yeye mwenyewe akabaki kulekule. Lazima ndugu amfuate pale alipoangukia, amwite kwa jina, na arudi naye juu ya tawi. Na akishamwita, haruhusiwi kuzungumza na mtu yeyote aliye hai mpaka wafike nyumbani.

"Anakuja kila siku," Nowinile alisema. "Anasimama mlangoni na mabuti yake ya mgodini. Namwambia ingia, mwanangu. Haingii."

"Pole, mama," alisema MaGatyeni. Akachukua taa ya njano, ya wageni.

"Hiyo ya nini?"

"Ya huyu kijana, mama. Ndiyo ya wageni."

"Mwanangu alishuka na taa yake. Hatafuata taa ya mtu asiyemjua. Tupe yake."

"Ile imefungwa, mama. Geti halitaikubali."

"Wewe kwenu wapi?"

"Bizana."

"Ukoo?"

"Gatyeni."

"Basi acha kunizungusha, binti wa Gatyeni. Wewe si geti."

MaGatyeni akaitazama safu ya chini. Baba yake mwenyewe alifia katika mgodi mwingine, yeye akiwa na miaka minane, na hakuna aliyekwenda kumchukua. Nauli ilikosekana mwaka huo, na mwaka uliofuata kila mtu alikuwa na lake. Mpaka leo hakupenda kulala mlango ukiwa umefungwa. Moyo ulimuuma kweli. Akainama, akaichomoa 417 kutoka safu ya chini, akaipangusa kwa aproni.

Kofia ina kishikio kimoja, mtu huvaa taa moja. Akaipachika 417 kwenye kofia ya Thandisizwe. Ile ya njano akairudisha rafuni, hakuandika kitu. Geti lilipomkatalia kijana kwa taa nyekundu, MaGatyeni alilifungua kwa ufunguo wake, akamwambia mlinzi kwamba chuma kimekwama tena.

Aliyewekwa kumsindikiza alikuwa Tefo, Msotho wa idara ya usalama, mtu wa haraka. Nowinile alimshika mkono.

"Wakati wa kurudi, wewe utatangulia. Usimsemeshe, na usigeuke nyuma. Hata ukisikia nini."

"Nimeelewa, mama. Ila saa nane tuwe juu. Nane na nusu wanalipua."

Kisha Nowinile akamgeukia mwanawe. "Kiti cha kupandia, muachie ndugu yako cha kwake kwanza, kipite kitupu. Na ulipime tawi. Likiwa zito, amekubali. Likiwa jepesi, hajakubali. Rudi ukamwite tena."

Thandisizwe akaitikia kwa kichwa. Wakashuka saa sita.

Saa saba na nusu zamu ya asubuhi ikaanza kupanda, na dirisha la MaGatyeni likawa soko. Pale mgodini watu hupanda kwa viti vilivyoning'inizwa kwenye waya, kimoja kimoja, mwendo wa robo saa gizani, na wakifika juu kila mtu anataka kurudisha taa kwanza akawahi maji ya moto. Katikati ya vurugu hizo Tefo akarusha taa yake mezani.

"Na yule kijana?"

"Yuko nyuma. Nimesikia viti vikilia."

"Umemwona?"

"Si nimekatazwa kugeuka? Wewe mwenyewe ulikuwepo." Akaenda zake kuoga.

Saa nane na dakika kumi dirisha likatulia. MaGatyeni akamimina chai, akakaa mbele ya skrini yake. Ilikuwa imeandikwa CHINI: 0. Chini yake mistari ya kawaida ya Makhulu akifunga nyumba: feni ya tano imezimwa, hakuna watu. Feni ya saba imezimwa, hakuna watu. Ngazi ya tisa magharibi, feni imezimwa, taa za ukutani zimezimwa, hakuna watu.

Akatazama safu ya chini ya rafu. Pengo la 417 lilikuwa wazi.

Nje, Nowinile alikuwa bado kwenye benchi, uso kauelekeza kwenye mlango wa viti. Yuko peke yake.

MaGatyeni akainua simu. Chumba cha ulipuaji alikuwepo Otsile, kijana waliyezoea kutaniana naye kila mchana.

"Mama wa taa! Leo umepika nini, nije na sahani?"

"Otsile, tazama 417 iko wapi."

Akamsikia akibonyeza. "Hiyo ya marehemu Ngcwangule. Makhulu haioni, mama, wala hatakiwi kuiona. Si iko hapo kwako?"

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba alijibu. Hakujibu. Akilini alimwona binti yake, mwaka wa mwisho wa chuo Mthatha. Akaiona barua ya kufukuzwa kazi, na mwenye kuisaini. Akajiambia huenda kijana amepanda, ameketi mahali na tawi lake, haruhusiwi kusema, watu wamempita. Mbona inawezekana?

"Acha niangalie vizuri," akasema, akakata simu.

Akaangalia bafuni kwa wanaume, akipiga kelele mlangoni. Akaangalia nyuma ya stoo. Akamfuata Tefo, aliyekuwa na sabuni kichwani, akamuuliza tena, na safari hii Tefo akageuka rangi. "Nilipokaa kwenye kiti nilimwona kwa pembe ya jicho, amesimama," alisema. "Alikuwa ameshika tawi hivi, juu juu, kama anapima."

MaGatyeni alirudi mbio, mwanamke wa miaka hamsini na nne mwenye magoti mabovu. Saa ya ukutani ilikuwa nane na dakika ishirini na nne.

"Otsile, kuna mtu chini. Ngazi ya tisa. Nimempa 417 kwa mkono wangu, nikamfungulia geti. Simamisha."

"Mama, usifanye mzaha huo."

"Nisikilize! Ni mdogo wake marehemu. Simamisha!"

"Siwezi, mama." Sauti ilikuwa imebadilika. "Nimeshakabidhi kwa Makhulu, hesabu ni sifuri, ameshafunga. Anayeweza kumfungua ni meneja wa zamu na ufunguo wake, nampigia hapokei. Au aione taa ya mtu aliye hai huko chini. Ngoja, napiga simu ya ngazi ya tisa."

Ile simu iko ukutani, hatua chache kutoka pale Mzwamadoda alipoangukia. Ililia. MaGatyeni aliisikia ikilia kupitia mkono wa simu wa Otsile. Ikalia, ikalia, kisha mtu akainua.

"Haloo! Nani huyo? Toka hapo, kaka, wanalipua! Sema kitu!"

Hapakuwa na neno. Palikuwa na pumzi, na kitu kikikwaruza, kama majani. Sijui kama kijana alielewa. Otsile alipiga kelele kwa Kitswana na Kiingereza, MaGatyeni akapiga kelele kwa lugha ya kwao, "Kimbia mwanangu! Kimbia!" Simu ikawekwa chini polepole, kwa adabu.

MaGatyeni akavuta kibodi. Akafungua ukurasa wa 417. Mwenye taa: Ngcwangule, M. Jalada limefungwa. Akajaribu kulifungua, ikamwomba saini ya ofisi ya wafanyakazi. Akalifuta jina. Pale palipobaki wazi akaandika jina la mtu hai pekee ambaye alikuwa na haki ya kumtumia, yaani yeye mwenyewe, akakosea herufi, akarudia. Mtshazo, Nozibele. Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Saa nane na dakika ishirini na tisa. Kilikuwa bado kinazunguka.

"Makhulu," alisema MaGatyeni, na alikuwa akilia waziwazi, "Makhulu, nione mimi."

Vikombe vya chai vikatikisika mezani. Taa elfu mbili mia sita zikagongana rafuni, zote kwa pamoja, kama kila siku ya kazi. Nje kwenye benchi Nowinile alishika ukingo wa blanketi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mtikisiko ule ni wa nini. Alidhani, alivyoeleza baadaye, kwamba ni mwanawe anakubali kutoka.

Kisha skrini ikabadilika. CHINI: 1. MTSHAZO NOZIBELE, NGAZI YA TISA MAGHARIBI. USILIPUE.

Uchunguzi uliwekewa tarehe, na mpaka tarehe hiyo MaGatyeni aliachwa dirishani, maana hakuna mwingine aliyezijua taa. Taa hakuzisalimia tena. Jumatatu iliyofuata Nowinile akaja. Safari hii alikuja peke yake, kwa kuwa hakubakiwa na wa kumtuma, na alikumbatia matawi mawili.

MaGatyeni alimpa taa ya njano. Akaandika namba, jina na saa, akamfungia taa kichwani mwenyewe. Wakashuka naye watu wanne, na ulipuaji ulisimamishwa kutwa nzima.

Alipopanda alipita tena dirishani kurudisha taa. Matawi yalikuwa yamemlemea, mabega yameinama.

"Mama," alisema MaGatyeni. "Nisamehe, mama."

Nowinile alimtazama kwa muda mrefu. Hakusema neno, kwa kuwa haruhusiwi. Akaweka taa juu ya meza, akaenda kuwalipia wanawe viti viwili kwenye basi la Lusikisiki, na MaGatyeni hakupata kujua kama kimya kile kilikuwa jibu, au desturi tu.