Rivolva ya Bei Poa na Meza ya Watoto

Mlio wa sita ulipotoka, ukoo mzima ulinyamaza.

Hata mbwa wa Anko Burl aliacha kubweka.

Kwa akina Strickland mlio wa sita huwa haupo. Makopo matano, risasi tano, basi.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkaniona mwongo.

Niliolewa na Wendell Strickland, huku kwetu vilimani Missouri. Kila vuli ukoo wao unakutana shambani kwa Bibi Opal, mkubwa wa ukoo, wanakula, kisha wanalenga makopo yaliyopangwa juu ya uzio, nyuma yake kuna tuta la udongo.

Sasa sikia. Ukiolewa pale, unakula meza ya watoto mpaka siku utakayoangusha makopo yote kwa rivolva yako mwenyewe, ile bastola ya silinda inayozunguka. Ya kuazima haihesabiki.

Miaka minne nimekula pale. Kiti kidogo, magoti yanagusa kidevu. Huyu namfuta maharage puani, yule namvuta kutoka chini ya meza.

"Darla!" Anko Burl, kaka yake baba mkwe, alikuwa anapaza sauti toka meza ya wakubwa. "Leo umepewa kikombe cha picha ya bata au cha sungura?"

"Cha sungura, Anko. Cha bata wamesema ni chako."

Watu hoi kwa kucheka. Na mimi nacheka, ila moyoni panachoma.

Kilichonimaliza ni katoto kamoja kaliponiuliza, kwa huruma kabisa: "Anti, na wewe utakua lini?"

Nikasema imetosha.

Nikaenda dukani kwa mzee Lyle. Anko Burl naye akajipakia kwenye gari. "Nakusindikiza, usije ukauziwa bunduki ya maji."

Mzee Lyle akaweka tatu juu ya meza. Zote za risasi ndogo, zile za kulengea makopo, bei yake haimlizi mtu. Zote za mtindo wa kizamani: kila risasi unavuta nyundo ya nyuma kwa dole gumba kwanza, ndipo unagusa triga.

Ya kwanza inang'aa mpaka unajiona meno. Bei yake ungenunua injini ya gari la Wendell.

"Chukua hiyo!" Burl akasema. "Hiyo ndiyo ya watu."

Nikaishika. Nzito mpaka mtutu ukainama wenyewe.

Ya pili nyepesi, mtutu mfupi. Nzuri kwa mfukoni, lakini mimi silengi makopo kwa mfuko.

Ya tatu nyeusi tu, haina mbwembwe, mpini wa mbao, mtutu mrefu kidogo. Ikakaa mkononi kama imezaliwa pale. Na ndiyo ya bei poa kuliko zote.

"Hii," nikasema.

Burl akashika kiuno. "Hiyo? Shemeji zako watazimia! Hicho kidude kikiangusha makopo matano, mimi mwenyewe nahamia meza ya watoto."

"Mzee Lyle, umesikia?"

"Nimesikia vizuri sana," akajibu yule mzee, bila hata kutabasamu.

Burl alipotoka kumwangalia mbwa wake garini, nikauliza jambo lililonikaa miaka yote minne nikiwatazama nikiwa kwenye kale kakiti.

"Mzee, silinda ina matundu sita. Mbona kwetu wote wanaweka risasi tano?"

"Rivolva za babu zao nyundo ilikuwa inalalia risasi. Bastola ikidondoka, inalia yenyewe. Kwa hiyo tundu la chini ya nyundo liliachwa tupu. Hizi mpya zina kizuizi ndani. Hii yako ni sita, mwanangu. Ila Strickland ukimwambia, atakufukuza."

Nikaweka hilo kichwani, nikafunga mdomo.

Siku ikafika. Watu wote nyuma ya mstari.

Kopo la kwanza, chini. La pili, chini. La tatu, chini. La nne, nikakosa! Risasi ya tano nikalirudia, chini.

Limebaki moja.

"Haya, rudi kwa wenzako!" Burl akawageukia watu, mikono juu kama amefunga goli. "Sungura anakusubiri!"

Mimi sikutoka mstarini. Nikavuta nyundo.

Paa!

Kopo likaruka.

Burl akashusha mikono.

"Hiyo... imetoka wapi?" Burl akauliza.

"Kwenye tundu la sita, Anko. Hata yako mpya uliyonunua juzi inalo."

Zogo likaanza. Bibi Opal akagonga meza kwa mwiko. "Sheria inasema makopo matano. Risasi ngapi, sheria haikusema. Darla, njoo ukae huku. Burl, ahadi yako ya dukani Lyle amenisimulia, kiti chako kile."

Nikakaa na wakubwa kifua mbele. Wakaanza kusimuliana magoti, presha, na bei ya nyasi za ng'ombe.

Bibi Opal akaniinamia, akanong'ona: "Mwanangu, unajua hiyo sheria niliitunga mimi? Nilitaka mtu wa kuwaangalia wale watundu ili nile kwa amani. Na wewe ulikuwa bora kuliko wote. Nilikuwa naomba ununue ile inayong'aa."

Nikageuka. Burl, magoti kidevuni, anafutwa maharage shavuni na katoto kalekale. Mkononi, kikombe cha bata.

Ukinunua kitu, nunua kinachokaa mkononi mwako, si machoni pa anayekucheka. Kisha kijue mpaka tundu la mwisho.

Ila mwakani nikichoka kusikia habari za presha, mjue mtanikuta wapi.