Tumbo Lililokataa Kutulia

Ipo asubuhi moja ya Julai ambayo hadi leo naikumbuka vizuri, mwanangu. Ule upepo wetu wa Ufipa ulikuwa unavuma, unaopenya hata ukivaa sweta mbili. Nilikuwa nimejikunja kitandani nyumbani kwetu Chanji, pale mjini, namsubiri dada yangu Kristina aje anipeleke kwa mganga. Aliyetangulia kubisha hodi akawa mama mkwe wangu, Leokadia. Alikuwa ametoka kijijini kwake Msanzi jana yake kwa lori la mahindi, akalala kwa ndugu zake mtaa wa Kizwite. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua shuka alilojitanda.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa sabuni na khanga, na sisi tuliokuwa vijana tukaona kila mtu anaweza kujaribu. Mimi nikaanza kuuza mitumba sokoni, na mambo yalikuwa yananiendea vizuri. Wakati wa mavuno ya mwaka uliotangulia asubuhi ile tukaenda Msanzi, kwao na mume wangu Deo. Mama mkwe akatupikia ugali wa ulezi na maharage, tukala, tukanywa maji ya kisimani. Baada ya hapo watu kadhaa wakaanza kuhara. Wenzangu wakapona haraka. Mimi nilihara damu, homa ikapanda, nikatibiwa, nikapona. Ndivyo tulivyodhani.

Kumbe tumbo halikurudi kama zamani. Lilikuwa linajaa, linanyonga, leo naharisha, kesho sipati choo kabisa. Ilifika mahali naacha meza ya nguo nakimbilia choo cha soko, wateja wanabaki wananisubiri. Nikapimwa choo, nikapimwa damu, kila mara naambiwa sina kitu. Wapo walionicheka kwamba nimechoka na kazi tu. Dada Kristina, ambaye alinipenda sana na hakujua afanye nini, akaanza kusema chakula kile cha Msanzi hakikuwa bure, kwamba mama mkwe alinitilia kitu. Maneno yakatembea. Unajua kwetu jinsi maneno ya namna hiyo yanavyoweza kumfukuza mama mzee kijijini kwake, au kumfanyia mabaya zaidi.

Asubuhi ile maneno hayo yalikuwa yamemfikia mama mkwe. Nilisubiri anigombeze. Akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia yanayosemwa. Mimi sitabishana na mtu. Vaa viatu, twende wote hospitali, daktari aseme nikiwa nimekaa pembeni yako."

Kristina alitukuta mlangoni. Mama mkwe akamwambia na yeye aje. Tukaenda watatu.

Daktari alikuwa kijana, mgeni mkoani. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: kabla ya ile homa ya kuhara damu, tumbo langu lilikuwaje? Nikamwambia lilikuwa zima, nilikuwa nakula chochote. Akapima tena, akaniuliza kama nimekonda, kama bado naona damu. Nikamwambia hapana. Ndipo akasema, "Mama, kidonda sikioni, lakini maumivu yako nayaamini."

Nililia, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kujiona mwongo.

Akatueleza kwamba wadudu walikwisha kufa, ila kuna watu ambao utumbo wao, baada ya kuvamiwa hivyo, unabaki mwepesi wa kukasirika. Miaka mingi baadaye daktari mwingine alinifafanulia zaidi. Kinga ya mwili, ile inayopigana na maradhi, kwa baadhi yetu haitulii hata vita ikiisha. Chembe zake zinabaki zimejipanga kwenye ukuta wa utumbo, karibu na mishipa ya fahamu, zinatoa kemikali zinazoiamsha mishipa ile. Basi chakula cha kawaida, ambacho mwenzako hakisikii, wewe kinakunyonga. Aliniambia pia kwamba si kila mwenye tumbo la hivi ana sababu hiyo, na wataalamu bado wanachunguza. Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Lakini siku ile, mama mkwe aliuliza swali lake mwenyewe. "Kwa hiyo ni chakula changu kilichomletea?"

Daktari akamjibu kwamba huenda ni chakula, huenda ni maji, na kwamba wadudu hawangoji mtu awe na nia mbaya. Mama akainamisha kichwa. Kristina, aliyekuwa amesimama dirishani, akaja akapiga magoti mbele yake, akamwomba radhi. Mama akamshika mkono, akamwinua.

Hakurudi Msanzi haraka. Alibaki Chanji akinipikia, tukijaribu chakula kimoja kimoja. Uji wa ulezi ulinikubali, viazi vilinikubali, maharage yakanishinda. Sasa fikiria, Mfipa anayekataa maharage! Kila tulipoalikwa, yeye ndiye aliyewaambia wenyeji, "Huyu maharage yanamsumbua, msimlazimishe." Na kwake Msanzi, tangu hapo, hakuna aliyekunywa maji yasiyochemshwa. Tumbo halikupona kabisa, lakini nililizoea, nikarudi sokoni, nikasomesha wanangu. Alipozeeka tukamleta akae na sisi, nikamhudumia mpaka Mungu alipomchukua. Kila siku namshukuru. Angeweza kunichukia, na angekuwa na haki.

Basi nisikilize. Tumbo likikusumbua muda mrefu, nenda hospitali, na ukiona damu, au unakonda, au homa haikuachi, usichelewe. Ukiambiwa huna kitu na bado unaumia, rudi, ueleze tangu mwanzo. Usitafute mtu wa kumbebesha ugonjwa wako, maana mwili una mambo yake mengi ambayo hayakupangwa na jirani wala mkwe. Na mwenzako akikuambia anaumwa, hata kama huoni kitu, mwamini kwanza.

Mungu akupe afya, mwanangu, na chakula kinachokukubali, na siku ukiugua akupe mtu wa kukaa pembeni yako kama alivyonipa mimi.