Mstari Nilioruka Kambini Gulwe

Nilianza kazi siku ya Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, kambini Gulwe, wakati Wajerumani walipokuwa wanaitandika reli kuelekea Dodoma. Saa naikumbuka kwa sababu Bwana Mpimaji aliitoa ya kwake mfukoni, akaitazama, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimetoka darasa la juu la shule ya misheni, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nilitamani ardhi inimeze.

"Niliomba karani," Bwana alimwambia mwalimu wetu kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Huyu msichana."

"Wavulana wanaojua kuandika mmeshawachukua wote, Bwana. Amebaki huyu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wa kwao, ila hasemi."

"Hasemi? Vizuri sana. Karani aliyepita alisema mpaka nikaumwa kichwa."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Bwana Mpimaji ndiye aliyetangulia mbele ya reli na darubini yake ya miguu mitatu, akiamua ipite wapi. Kila wiki alihitaji viongozi wa njia: wa kumpeleka penye maji, penye mawe ya kujengea, na penye mawindo. Kazi yangu ilikuwa kuwahoji wanaume waliokuja kuomba uongozi, kuandika majibu yao katika kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, kisha kumsomea Bwana kwa sauti, maana Kiswahili alikisema lakini kukisoma hakuweza. Jioni niliandika pia daftari langu mwenyewe. Ninalo hadi leo, na haya ninayowasimulia nimeyatoa humo.

Ninyi vijana mnadhani kiongozi ni mtu anayeijua njia. Njia hata mbuzi anaijua. Sisi tulianza na miguu: mtu asiye na makovu ya miiba anaongoza kwa mdomo. Halafu nilimuuliza habari za kisima ambacho hakipo. Akinijibu, "Nakijua, kiko kule nyuma ya kilima," nilimshukuru na kumwita mwingine. Mbinu hiyo ilikuwa ya Bwana mwenyewe, naye alijivunia sana.

Lakini kwa mawindo ya nguruwe pori palikuwa na swali la tatu, nalo lilitoka kwetu Wagogo. Nguruwe hutoka vichakani kuja kula uwele, na kila nyumba huchimba shimo kwenye mapito yake, ikasimamisha vijiti vilivyochongwa chini yake, ikafunika kwa nyasi na udongo. Shimo halitajwi njiani wala kisimani. Wazee walishikilia kwamba likitajwa nje, nguruwe atalizunguka. Mwenye shimo humwambia mgeni ndani ya ua wa nyumba yake ya tembe, tena mgeni aliyeketi na kula. Bwana alilicheka jambo hilo mpaka punda wake alipotumbukia shimoni akavunjika mguu. Tangu hapo swali liliingia kitabuni: "Juzi na jana umekula kwa nani?" Anayetaja nyumba nyingi ndiye anayeyajua mashimo.

Msimu huo uwele ulipoanza kukomaa, jumbe wa hapo alikuja kulia kwa Bwana. Nguruwe walikuwa wamemaliza mashamba matatu, na watu wake hawakuruhusiwa bunduki. Bwana akasema atakwenda Alhamisi. Wakaja wazee wawili kuomba uongozi.

Wa kwanza alikuwa Mzee Malogo, mkulima wa palepale, mzito wa sikio moja, anayetembea kama anayehesabu hatua zake. Alikuwa amekula katika nyumba sita.

Wa pili alikuwa Mzee Hamisi. Huyu alikuwa kirangozi, yaani mtangulizi wa msafara, aliyebeba bendera mbele ya wapagazi miaka na miaka. Wazazi wake walikuwa Waislamu wa mji wa Mpwapwa, watu wa biashara ya misafara. Reli ilipokuja misafara ikafa, naye akabaki anakaa kivulini mwa ghala la kambi. Nitasema wazi: nilimpenda kama baba. Askari waliponitania, "Karani bubu, tuandikie barua ya mapenzi!" yeye ndiye aliyewakemea, "Mwacheni binti wa watu. Nyinyi hata majina yenu hamwezi kuyaandika, mnaweka dole gumba."

"Shikamoo, Mzee Hamisi," nilimwambia siku ya mahojiano.

"Marahaba, mwanangu. Leo wewe ndiye hakimu? Haya, miguu hii hapa. Ilifika Tabora kabla mama yako hajaolewa."

Nilimuuliza habari za kile kisima.

"Kisima gani? Hakipo. Huyo Bwana wako ananiona mtoto?"

"Na juzi na jana, Mzee, umekula kwa nani?"

Alijikuna kidevu. "Nile kwa nani, mwanangu? Chungu cha kila nyumba siku hizi ni nguruwe na pombe pembeni. Nikiingia uani watanikaribisha, nikikataa nitawaudhi. Nawasalimia nikiwa njiani, napita zangu." Kisha akasema taratibu, "Niandikie vizuri. Nimechoka kukaa."

Niliandika ukweli: *Hamisi. Njia anaijua, maji anayajua, hasemi uongo.* Chini yake nikaongeza: *Hajaketi uani kwa mtu. Mashimo hayajui.*

Bwana aliponiita hemani, Mzee Hamisi alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake mkononi, amevaa kanzu safi. Nilisoma habari za Malogo. Nikasoma mstari wa kwanza wa Hamisi. Wa pili nikauona pale ukinitazama, nikafunga kitabu.

"Ni hayo tu?" Bwana aliuliza.

"Ni hayo tu, Bwana."

"Basi Hamisi. Huyu mwingine atatuchelewesha. Akae na wafurushaji."

Wafurushaji ni watu wanaopiga makopo na kelele ili nguruwe watoke kichakani. Mzee Malogo hakunung'unika.

Alhamisi asubuhi nilisimama juu ya kichuguu na kitabu changu, mahali pa karani. Mzee Hamisi alitangulia, mgongo umenyooka, akiwaonyesha watu kwa mkono pa kusimama. Niliona anafurahi. Kelele zikaanza, nguruwe wakachomoka korongoni, Bwana akapiga risasi mbili. Mzee Hamisi akageuka kando kuwapisha. Akatoweka. Nilikuwa namtazama yeye, na ghafla nikawa natazama nyasi.

Nilikimbia. Walipomtoa shimoni, kijiti kilikuwa kimeingia kwenye shavu la mguu na kutokea upande wa pili. Mzee Malogo alikuwa amepiga magoti pembeni.

"Lile shimo nililijua!" alilia. "Nilidhani ameambiwa. Kiongozi! Nitamwambiaje kiongozi njiani, kama mtu asiyepokelewa nyumbani kwa watu?"

"Usilie, bwana," Mzee Hamisi alimwambia, meno yameumana. "Miaka yote nimemkataa nguruwe chunguni. Leo ameniweka mimi chunguni mwake."

Wafurushaji walicheka, kisha wakaona aibu. Wakambeba juu ya kitanda cha kamba. Bwana alikuja, akavua kofia, akasema, "Bahati mbaya." Kila mtu akasema hivyo hivyo, bahati mbaya, na Mzee Hamisi mwenyewe akasema. Mimi nilikikumbatia kitabu changu kifuani.

Mguu ule haukunyooka tena. Mimi nilikaa Gulwe mpaka reli ilipopita, nikahamishiwa Dodoma chini ya Bwana Shauri, ofisa wa boma aliyesikiliza kesi, mtu mkali aliyetaka kila herufi isimame wima, na vita vilipoanza nikarudi misheni kufundisha hadi nilipostaafu. Nimehoji viongozi wengi. Wajukuu huniuliza mtu wa kuaminika nilimjuaje. Nawaambia habari za makovu, na kisima, na nyumba alimokula. Ila Hamisi alikuwa mwaminifu. Aliulizwa, akajibu kweli. Malogo naye alijibu kweli. Kati yao na Bwana nilikuwepo mimi, na hakuna aliyefikiria kunihoji.

Nilimhurumia, na huruma ile siijutii. Ningeweza kumwombea kwa Bwana kazi ya kuongoza penye maji, ambako hapakuwa na mtu wa kumshinda. Maneno machache tu. Sikuwa na haya ya kudanganya. Nilikuwa na haya ya kuomba.

Lakini kesho yake ya mawindo yale, Ijumaa asubuhi, kabla ya wito wa kazi, nilichukua kile kitabu nikaenda ghalani alikolazwa. Nikaketi chini kwenye mkeka wake. Sikumsalimia kwanza, kwani ningesalimia ningeishia hapo. Nilimsomea mistari yote miwili.

Alijiinua kwa kiwiko kimoja.

"Soma tena," alisema. "Huo wa pili."

Nikasoma tena.

"Bwana ameusikia?"

"Bado."

"Basi nenda kamsomee."

Nikavuka uwanja wa kambi mbele ya askari wote, nikaingia hemani bila kuitwa. Bwana alikuwa ananyoa ndevu. Nikafungua kitabu, nikamsomea kwa sauti ule mstari wa pili.