Joka Alilosingiziwa Mbuzi

Mbuzi hakula ile kadi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema aliila. Nimesema mbele ya mama, mbele ya mpangaji wetu, na mara moja mbele ya darasa zima la chuo kikuu nilipotaka kuwachekesha watu. Yule mbuzi jike mwenye madoa, aliyekuwa akifungwa nyuma ya jiko letu Nyamwaga, hakuwa na hatia. Kadi niliitwanga mimi.

Ilikuwa ya mdogo wangu. Aliikuta mfukoni mwa jaketi la mitumba ambalo mama alimnunulia Tarime: kadi ya kuenea kiganjani, ina joka jeupe limeachama, nyota nane juu yake, na chini namba mbili, 3000 na 2500. Jina la joka lilikuwa la rangi ya dhahabu, na ukiigeuza kidogo juani picha nzima inawaka. Leo najua kwamba ni kadi ya mchezo, na kwamba watoto wa nusu ya dunia wanalijua joka lile. Wakati ule hapakuwa na wa kutueleza. Nilikuwepo mimi, kidato cha pili, na Kiingereza changu cha kuungaunga.

Mdogo wangu aliuliza, nami sikuwahi kusema sijui. 3000 ni nini? Uzito wake kwa kilo. 2500? Umri wake. Nyota? Vijiji lilivyovichoma.

"Ni la ukoo gani?" akauliza, maana kwetu kila ukoo una mnyama wake, wengine tembo, wengine chui.

"Ukoo wa waliosoma."

"Na hii inayong'aa?"

"Dhahabu. Ya kweli kabisa."

Mpangaji wetu alikuwa ameketi hapo na chai yake. Alikuwa mchimbaji kutoka Geita. Alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kwenye mashimo ya Nyangoto na kurudi mweupe kama amegaragazwa kwenye unga. Alicheka mpaka akakiweka kikombe chini.

"Mwalimu, sasa mimi nahangaika nini na mwamba? Si nikachimbe kwenye duka la vitabu!"

"Kapime," nikamjibu.

"Kapime wewe. Kinu kile pale, karai lile pale."

Miaka ile kwetu kila kilichong'aa kilitwangwa kwanza, maswali yakaja baadaye. Hata hivyo naapa nilikusudia kukwangua kona moja tu. Shida ni kwamba nilikuwa nimeusema ule uongo mara nyingi mpaka nikauamini. Mdogo wangu alipopeleka ng'ombe mtoni, nikaitoa kadi chini ya godoro lake. Nikakwangua kona ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Basi nikaitumbukiza yote kwenye kinu cha chuma cha mpangaji, nikatwanga. Joka la kilo elfu tatu likawa uji wa karatasi usiojaza kikombe. Nikautia kwenye karai, nikazungusha maji kama nilivyowaona wanaume wakizungusha. Hakikutuama kitu. Nikamwaga migombani, nikarudisha karai mahali pake.

Jioni kilio cha mdogo wangu kilifika kwa majirani. Nikanyoosha kidole kwa mbuzi.

"Nilimwona anatafuna," nikasema.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe mdogo wangu alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mwalimu wake. Kama joka ni dhahabu, alisema, na dhahabu haiozi tumboni, basi itatoka. Akamfunga mbuzi kamba fupi, akamkatia majani mwenyewe, na kila asubuhi akaokota mavi yake, akayatwanga na kuyaosha kwenye karai. Siku tisa. Mama hakumzuia, kwa kuwa uwanja haukuwahi kuwa safi vile. Mimi nilipita pembeni na madaftari yangu, nikakaribia kusema, nisiseme.

Siku ya kumi akapiga yowe. Chini kabisa ya karai palikuwa na chembe ya dhahabu, ndogo kama punje ya ulezi. Mpangaji akainama, akaitazama, akasema ni yenyewe.

Na mimi, niliyejua kuliko kiumbe yeyote kwamba chembe ile haiwezi kuwa imetoka kwa mbuzi, nilifanya nini? Nilijinyoosha, nikasema, "Si niliwaambia?"

Baada ya hapo nilisoma, nikapata shahada, nikawa nawafokea wanafunzi wasiotaja walikotoa habari zao. Lakini kuna swali moja sikuweza kumuuliza mtu: ile chembe ilitoka wapi? Kuuliza kungekuwa kukiri.

Mwezi uliopita mdogo wangu akanipigia simu. Siku hizi anaendesha gari la watalii kwenye kambi moja upande wa Natta.

"Dada, kuna mgeni hapa ana joka letu."

"Joka lipi?"

"La mbuzi. Analitunza kwenye plastiki kama cheti cha kuzaliwa. Amenieleza yote. 3000 siyo kilo, ni nguvu ya kushambulia. 2500 ni ya kujilinda. Nyota ni daraja lake. Na ile inayong'aa ni urembo tu wa kiwandani, hakuna dhahabu hata ya dawa."

Nikainuka, nikafunga mlango.

"Sasa mimi dereva nauliza. Mbuzi wetu dhahabu aliitoa wapi?"

Ningeweza kusema mtandao unakatika. Kidole kilishafika kwenye kitufe.

"Mbuzi hakula," nikasema. "Niliitwanga mimi."

"Najua, dada."

"Unajua nini?"

"Kipande cha mkia wa joka kilibaki kimeganda kwenye karai. Nilikiona jioni ileile, kabla hujamtaja mbuzi. Unadhani nililia nini?"

"Na ile chembe?"

"Nilimwomba mpangaji. Nilikusubiri useme, siku tisa nzima natwanga mavi, husemi. Nikamwambia, hebu joka litoke, tuone dada atafanya sura gani."

"Mungu wangu."

"Halafu ukasema, 'Si niliwaambia?' Mpangaji alikimbilia nyuma ya nyumba, akaangukia kwenye kuni."

Nilitaka kusema samahani, na nadhani nilianza kuisema. Lakini alikuwa ameondoa simu sikioni. Nikasikia kicheko cha mtu mwingine karibu yake.

"Ngoja kidogo, dada," akasema. "Namtafsiria mgeni."