Miguu ya Bi Mwanakombo

Harufu ya sabuni ya mche hunitibua nyongo. Alhamisi Kuu iliyopita nilikaa kanisani nyuma ya wanaume kumi na wawili waliochaguliwa kuoshwa miguu na padre, na kila mmoja wao alikuwa amekwisha jiosha kwake. Safu nzima ilinukia sabuni. Bwana mmoja mwenye duka Ukunda alikuwa amejipaka na mafuta juu yake, vidole vinang'aa. Nikajisemea moyoni, watu hawa hawana hata haya, wanamletea padre miguu safi aioshe. Mjukuu wangu alinifinya akidhani nataka kucheka. Sikuwa nataka kucheka.

Watu wa namna hiyo nimewajua tangu nina miaka tisa. Tulikuwa tukikaa Munje, mwaka wa pili tangu bendera mpya ipandishwe. Sisi ni Waduruma wa bara, baba alishuka pwani kufuata kazi ya mashamba ya miwa, na majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu. Wakristo tulikuwa nyumba chache, na kanisa letu lilikuwa banda la udongo lililoezekwa makuti. Padre alikuja mara moja moja, Pasaka akija bila kukosa. Siku nyingine zote tulikuwa chini ya katekista wetu, Mwalimu Yeremia.

Huyo Mwalimu Yeremia nitawaelezaje? Alikuwa na kofia ngumu aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa shamba, na baada ya uhuru aliivaa hata ndani ya nyumba. Kila alfajiri aligonga rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mkorosho, tukakusanyika kusali. Akiona mkeka wa mtu uko mtupu, alisimamisha sala, akautazama ule mkeka, akakohoa. "Ukristo ni wa kila siku," alikuwa akisema, kidole juu, "si wa Jumapili." Maneno hayo yalikuwa ya kweli kabisa, na sijapata kumwona mtu aliyeyasema mara nyingi vile bila yeye mwenyewe kuyasikia.

Mkeka uliokuwa mtupu mara nyingi ulikuwa wa Shangazi Rebeka, dada yake baba. Alikuwa mjane, hana mtoto, alikaa nasi. Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani, lakini siku za kazi hatukumwona, na alipoulizwa alisema tu ana shughuli. Mimi nilikuwa naijua ile shughuli, maana siku moja nilimfuata. Alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa Bi Mwanakombo, bibi mzee wa Kidigo aliyepooza upande mmoja. Watoto wake walikuwa Mombasa, wakimletea salamu. Shangazi alimpashia maji, akamsafisha, akambadilisha kanga zilizolowa. Kisha akamtawadhisha, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, uso, mpaka miguu, ile sabuni ya mche ikiwa pembeni. Yule bibi akasali sala yake ya alfajiri ameketi, na Shangazi akakaa kimya kando mpaka amalize.

Basi. Ikiwa ni hayo tu niliyoyaona, kwa nini nisinyamaze? Kwa sababu Alhamisi Kuu ilikuwa inakaribia, na Mwalimu Yeremia alikuwa akitafuta mtoto wa kumshikia padre taulo. Niliitaka taulo ile kuliko nilivyoitaka mbingu. Mwalimu alipotuuliza sisi watoto wa mafundisho nani nyumbani kwao hukwepa sala, nilingoja wenzangu watoke, nikamsogelea, nikamnong'oneza. Nikatia na chumvi. Nilisema Shangazi humtilia bibi maji ya udhu, kisha naye hupiga magoti akaelekea Kibla. Na hali nilimwona vizuri sana, alipiga magoti kumfuta miguu. Nilijua ninachosema. Miaka tisa si utoto wa kutojua uongo.

Jumapili ya Matawi, baada ya ibada, Mwalimu aliwabakisha wazee wa kanisa, na watu wengine tukabaki kwa hiari yetu, kwa umbea. Alimsimamisha Shangazi mbele. Akamwuliza kama ni kweli humtawadhisha mwanamke wa dini nyingine. Shangazi akajibu ni kweli, mkono wake mmoja hauna nguvu, hawezi kujitawadhisha. Mwalimu akavua kofia, jambo ambalo halikuwa dogo, akauliza tena.

"Na kupiga magoti pamoja naye?"

"Nilipiga magoti, Mwalimu. Miguu iko chini. Ningeifikiaje?"

Wanawake wawili watatu walicheka, na hapo ndipo kesi ilipokwisha. Mwalimu Yeremia angeweza kusamehe mtu kusilimu, lakini kuchekwa hakukuweza. Akatangaza kwamba Rebeka hatapokea komunyo ya Pasaka, wala nyingine yoyote, mpaka aache kwenda kule na aonekane kwenye sala za asubuhi kama Wakristo wenzake. Nilimwona Shangazi akishika ncha ya kanga yake. Komunyo kwake haikuwa mchezo. Kila mara ya kupokea alikuwa akifunga tangu jana yake, na njiani akienda kupokea hakuzungumza na mtu.

Akasema sawa, atakuja kwenye sala. "Lakini kesho alfajiri, kwa Bi Mwanakombo, ataenda nani kati yenu?"

Mzee mmoja alianza kuchunguza makuti ya paa. Mwingine alikumbuka ng'ombe wake. Wale wanawake waliocheka walikuwa wa kwanza kutoka. Wakristo wa kila siku hao, na hapakupatikana hata mmoja wa siku moja. Shangazi alingoja kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Basi nitakwenda mimi," akatoka.

Alhamisi Kuu nilishika taulo. Mwalimu Yeremia alikuwa wa kwanza katika wale kumi na wawili, amevaa soksi nyeupe ili vumbi lisimguse njiani. Padre aliosha miguu ishirini na minne, na mwisho nilitumwa kumwaga maji nje. Nilitazama ndani ya beseni nikaona chini. Maji yalikuwa yametoka kama yalivyoingia. Siku ya Pasaka watu walisimama kwenda kupokea, Shangazi akabaki ameketi nyuma peke yake, mikono mapajani, akimtazama kila anayerudi. Padre aliuliza, Mwalimu akamwambia huyu bado anafundishwa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa padre, na kinywa ninacho. Sikusema kitu.

Siku mbili baadaye Shangazi aliniamsha kabla ya rimu kugongwa. "Amka," aliniambia. "Njia waijua." Kuanzia siku hiyo tulikwenda wote. Siwaambii kwamba nilipenda. Chumba kilinuka mkojo, na Bi Mwanakombo hakuwa mzee mpole wa kuombea watu dua. Nilimpa shikamoo akaitikia marahaba huku akilalamika, maji ya moto mno, maji ya baridi mno, we Rebeka vidole vyako vigumu kama vya mwanamume. Shangazi alimjibu "haya, bibi," akapoza maji. Kwamba alikuwa amefungiwa komunyo kwa ajili yake hakumwambia kamwe. Njiani nilimwuliza yeye husali saa ngapi, akasema husali anapotembea, kwa hivyo ninyamaze.

Hivyo ndivyo tulivyofanya hadi mvua za vuli, Bi Mwanakombo alipofariki. Watoto wake walikuja kutoka Mombasa wakalia vizuri sana, na wanawake wa dini yake wakamwosha. Shangazi aliwachemshia maji, akakaa uani.

Kesho yake alikuja kwenye sala. Mwalimu Yeremia alipomwona karibu aruke. Alimsimamisha, akatutangazia kwamba kondoo aliyepotea amerudi zizini, na kwamba haya ndiyo matunda ya uthabiti wa kanisa. Hakuuliza kwa nini amerudi siku ile. Banda zima likaitika Amina. Nami niliyekuwa nimebeba maji yale miezi yote, niliyejua kila kitu, niliitika Amina, na kwa sauti kuliko wote.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika kwenye uzio wetu Shangazi alisimama, akanitazama bila hasira.

"Siku ile ulimnong'oneza Mwalimu. Leo umepiga kelele," alisema. "Mdomo ni huo huo."

Nililia kwa kuogopa kuchapwa. Hakunichapa, alikwenda kuwasha moto. Nikafurahi nimeponea, mpumbavu mimi, na jambo lenyewe likanipita kando. Nilikuwa mtu mzima, ninauguza mama mkwe mwenye ulimi mbaya, nimechoka, nimekasirika, ndipo lilipokuja kunikaa. Shangazi alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni mimi. Na kila alfajiri ya miezi ile, tukitoka kwa Bi Mwanakombo, alikuwa akivunja muhogo wetu wa kuchemsha vipande viwili, akanipa mimi kile kikubwa.