Konzi la Daktari

Baba yangu ni fundi cherehani, na hana imani na kipimo chochote ambacho hakukichukua mwenyewe. Ukimtajia kiuno chako kwa mdomo anakutazama kama umemtukana, anachomoa futi shingoni na kukuzungushia papo hapo, hata kama ulikuja kumsalimu tu. Tabia hiyo imempa wateja wengi. Tabia hiyo hiyo ilitutia wazimu nyumba nzima mwaka ule sukari ilipompanda.

Ilianza na pini. Daktari wa zahanati, binti wa umbo dogo na sauti ya kuamrisha, alimwambia Baba avue viatu na kufumba macho. Kisha akamdunga kwenye kidole gumba cha mguu. Baba akatulia, akasubiri.

"Haya, mwanangu, dunga basi," akasema.

Daktari akanitazama mimi niliyemsindikiza. Alikuwa ameshadunga, tena zaidi ya mara moja.

Baba amechomwa na sindano tangu ujana wake, na kila mara huruka na kutukana. Mtu wa namna hiyo asisikie pini! Nilitaka kulia pale pale. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na unyayo wake ndio unaojua mwendo: pole kwenye kona, mbio kwenye mstari. Daktari alisema wazi kwamba sukari isiposhuka ganzi itaenea, na mguu utapata vidonda ambavyo mwenyewe hatavisikia. Katika maneno hayo yote Baba alisikia jambo moja, kwamba cherehani itanyamaza.

"Vidonge usiache," daktari akaendelea. "Tembea kila siku. Chai bila sukari. Na badala ya biskuti, kula njugu. Korosho, karanga, zozote, mradi zisiwe na chumvi wala mafuta. Konzi moja kwa siku linatosha."

"Konzi la nani?" Baba akauliza.

Daktari akacheka, akaita mgonjwa mwingine. Laiti angejibu.

Nyumbani swali liliwekwa mezani pamoja na sinia la karanga. Mama, ambaye mkono wake ni mdogo, aliingiza ngumi na kutoka na karanga za kulisha ndege. Mjomba, kaka yake Mama, tunamwita Beleshi. Aliacha zamani kazi ya kupakua mizigo, lakini viganja vyake havijastaafu. Aliposhuka kwenye sinia, tulibaki tunatazama sinia tupu.

"Aliyesema konzi ni mwanamke," Mama alisema. "Basi ni konzi la kike."

"Dada, anayeumwa ni shemeji, siyo daktari," Mjomba akajibu huku akitafuna ushahidi.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Baba alikuwa akipitisha futi kati ya vidole, na mimi nikajua tumekwisha.

"Kipimo ni cha aliyekitaja," akasema.

Kesho yake asubuhi alipanga foleni zahanati, futi yake shingoni, nami nyuma yake. Zamu yake ilipofika aliushika mkono wa daktari, akaugeuza, akaanza kuuzungushia.

"Mzee, unafanya nini?"

"Tulia, mwanangu. Kunja vidole. Usibane sana, hapo ndipo kazi nyingi huharibikia."

Mgonjwa mmoja aliyekuwa mlangoni, ameshika shavu kwa maumivu ya jino, aliuliza kama na sisi wengine tutapimwa mikono. Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli, sikujua.

Baba alirudi tena kujaribisha. Alikuwa ameshona kifuko cha kitambaa cha kijivu, kazi safi, mshono umenyooka, na daktari aliingiza ngumi ndani yake kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa njia fupi ya kumwondoa.

"Nikulegezee kidogo?" Baba aliuliza.

"Mzee, naomba utoke."

Baba alihesabu hiyo ni ndiyo.

Kifuko kikatundikwa msumarini karibu na cherehani. Kila siku Baba alikijaza njugu, akasawazisha juu kwa rula, akala moja moja, na wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Wateja walisimama kimya na vitambaa vyao mikononi kama wamekuja kumzika mtu. Ratiba ya biskuti haikuguswa, alizila kama kawaida. Baba alisema njugu ni dawa, na dawa huliwa baada ya chakula.

Lakini ubaya zaidi ulikuwa mahali pengine. Baba hashoni nguo bila kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. "Watu hunenepa," husema. Ukirudi suruali imekubana, anafumua, anaachia kidogo, unaondoka na heshima yako. Sasa kifuko nacho kilikuwa na akiba. Mara ya kwanza alikifumua kwa madai kwamba kimesinyaa baada ya kufuliwa. Mara ya pili eti korosho ni kubwa kuliko karanga. Mara ya tatu hakutoa sababu. Mjomba Beleshi alianza kuingiza mkono wake humo na kuutoa bila shida yoyote, na hakuna aliyeshtuka.

Tuliporudi zahanati sukari ilikuwa imepanda zaidi. Daktari akaomba kifuko. Akaingiza ngumi yake, na mkono ukapotea mpaka kiwiko.

"Huu ndio mkono wangu?"

"Nilikuachia kidogo," Baba akasema, akitazama sakafu.

"Kwani mimi nimenenepa?" Akamtazama kwa makini. "Na wewe, mzee, kiuno chako ni inchi ngapi?"

Baba akajishika kiuno. Ana viuno vya mtaa mzima kichwani, vya walio hai na waliokufa, lakini chake hakuwa nacho. Daktari akaitoa futi shingoni mwa Baba, na Baba akainua mikono kwa utiifu kama mteja. Daktari akasoma kwa sauti.

"Futi hiyo imevutika," Baba akasema.

"Ni ya kwako."

Siku hiyo nyumbani alizigeuza suruali zake zote nje ndani. Kila mshono wa kiuno ulikuwa na alama za mishono ya zamani, mstari pembeni ya mstari. Kila suruali ilipombana alikuwa ameifumua na kuiachia bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna, na kwa hiyo hakuna siku nguo iliyowahi kumwambia ukweli. Alikaa akiipapasa mistari ile. Nilimwonea huruma.

Kisha akakishona kifuko upya, ngumi ya daktari barabara. Biskuti akamkabidhi Mjomba, aliyeupokea mzigo huo kwa moyo wa kujitolea. Halafu akachukua mkasi na kukata kitambaa cha akiba cha suruali ya kwanza, chote, karibu kabisa na mshono.

Mama alipiga yowe. "Baba watoto! Na ukinenepa?"

"Nikinenepa nitatembea uchi."

Akakata na ya pili. Mama aliwaza majirani, akawaza barabara, akamtazama mumewe akiendelea na mkasi. Akalibeba bakuli la sukari kutoka mezani, akalifungia kabatini, na ufunguo akautia kifuani.

Tangu hapo Baba anatembea kila asubuhi, suruali ikimkumbusha kila anapoketi. Juzi tulirudi kwa daktari. Sukari imeshuka, si sana, ila imeshuka. Akamwambia avue viatu, afumbe macho, akamdunga kidole gumba. Kimya. Akasogeza pini kwenye unyayo, pale panapokanyaga pedali.

Baba aliruka juu na kumtukana daktari tusi zito ambalo sijapata kumsikia akilitoa nje ya chumba cha kushonea. Daktari akaandika. Mimi nikalia.