Majina Kwenye Plasta

Saruji kwenye ukuta mkongwe huniudhi. Kanisa la kando ya Ziwa Nyasa nililoitwa kulikarabati lilijengwa kwa matofali na udongo, lakini kila familia iliyofiwa ilipiga plasta ya saruji kwenye kipande chake cha ukuta, ikaandika jina la marehemu kwa kidole. Niligonga kwa nyundo, plasta ikalia kama mtungi mtupu. Nyuma yake unyevu ulikosa pa kutokea, na matofali yalikuwa yakigeuka tope. Nikawaambia waumini plasta yote itoke, ukuta usije ukawaangukia. Mama mmoja mzee akasogea kwenye jina la mumewe, akaninyooshea mkono, akitaka nyundo.

“Mwanangu, huyu nilimfumba macho mwenyewe. Jina lake usiligonge wewe.”